Nilimwandika Baba Yangu Miongoni mwa Wavivu

Nilitimiza miaka thelathini na mmoja mwezi uleule tuliomzika Odipo, na hakuna aliyenipa hongera. Mimi mwenyewe nisingeipokea. Ningeipokeaje, wasomaji wenzangu, wakati kaburi la mtu yule nililichimba mimi, kwa kalamu?

Niiteni Adhiambo. Nilizaliwa Nyakach, karibu na Katito, mtoto pekee wa fundi wa mbao aliyefiwa na mkewe nikiwa bado natambaa. Baba alinisomesha kwa nyundo na msumeno. Alihama kutoka mjengo hadi mjengo, Kisumu nzima, akisimamisha nguzo za mikaratusi na kupanga mbao ambazo zege humwagwa juu yake. Zege likishakauka mbao hung'olewa, na hakuna anayekumbuka kwamba ziliwahi kuwapo. Ndivyo ilivyo kazi ya baba yangu. Ikikamilika, haionekani.

Nilipofika chuo kikuu kusomea uzamili katika usimamizi na uchumi wa ujenzi, nikaanza kumwonea haya. Naam, haya! Wenzangu waliponiuliza baba yangu anafanya kazi gani, nilijibu kwamba yuko kwenye ujenzi. Wakadhani ni mwanakandarasi. Niliwaacha wadhani.

Felix naye alidhani hivyo hivyo. Alikuwa meneja wa mradi katika kampuni iliyokuwa ikiinua jengo la ghorofa nne, si mbali na soko la Kibuye. Mrefu, mpole wa sauti, mwenye viatu visivyoshika vumbi hata katikati ya saiti. Nilimpenda kama baiskeli isiyo na breki inavyoupenda mteremko. Aliposema anataka kuja Katito na wazee wake wajitambulishe kwa baba, nilimwambia baba ana shughuli nyingi... miradi mingi... asubiri kidogo.

Utafiti wangu ulikuwa na swali moja tu: kwa nini majengo mengi hapa mjini hayamaliziki kwa wakati? Vitabu vyangu vilisema muda hupotelea mikononi mwa watu. Basi kila baada ya dakika kumi ningezunguka saiti na karatasi yenye safu tatu: anajenga, anasaidia, amekaa bure. Ningemtilia kila mfanyakazi alama katika safu yake. Kila mmoja angekuwa nambari. Majina yangebaki katika daftari dogo ndani ya mkoba wangu, na niliwaapia wote kwamba daftari hilo halingeonwa na mtu.

Felix alinikubalia nifanyie utafiti kwenye jengo lake. Siku ya kwanza alinishika kiwiko akanizungusha saiti kama mtu anayeonyesha nyumba mpya. Tulipopinda kona ya rundo la kokoto, nikasita. Baba alikuwa pale, amechuchumaa, anachonga kabari!

Sikujua kuwa amepata kazi hapo. Aliinua macho, akaniona, na uso wake wote ukafunguka. Alikuwa ameshaanza kunyanyuka, mikono mbele, ndipo Felix aliponiuliza kama namjua mzee huyo.

Nikasema, "Hapana."

Neno moja! Baba alilisikia. Alibaki nusu amesimama, nusu amechuchumaa, kisha akavua kofia yake polepole.

"Karibu, Madam," alisema.

Jumapili nilimwendea kwenye chumba chake cha kupanga kule Manyatta. Nilikuwa nimetunga maelezo marefu kuhusu utafiti, kwamba mtafiti hatakiwi kuonekana ana ndugu mahali anapochunguza. Hakuhitaji maelezo. Aliniandalia omena na ugali, akaniambia kazi ni kazi, nisihangaike, atakuwa akiniita Madam kama wengine. Nilikula nikashiba. Mungu anisamehe, hata nilifurahi!

Miezi iliyofuata nilizunguka na saa na karatasi zangu. Kutoka juu ya jengo niliona ziwa limelala na magugumaji yamelifunika kama blanketi la kijani, na chini yangu watu wakitoka jasho. Mwanzoni waliniogopa. Aliyeuvunja woga huo ni Odipo, mwashi kutoka Asembo Bay, mtu mwenye pengo la meno mawili na mdomo usiopumzika.

"Madam, hiyo karatasi yako iko na mahali ya kuandika mtu ni handsome?" aliniuliza.

"Haina," nikamjibu.

"Basi hiyo research ni ya uongo! Mama Rose, skia, wameacha kitu ya maana!"

Mama Rose, aliyekuwa akibeba maji, alimwambia hata kama mahali hapo pangekuwapo, Odipo angebaki nje akichungulia. Saiti nzima ikacheka. Tangu siku hiyo nikawa wao. Walinigawia githeri yao ya mchana. Walinitafutia kivuli.

Nami nilikuwa makini, nisidanganye. Niligundua kuwa Odipo anasimama tu sehemu kubwa ya asubuhi, nikamwandika amekaa bure. Kisha nilimhoji, naye akanionyesha kuwa pipa la maji limewekwa mbali, Mama Rose anatembea uwanja mzima, na mwashi hawezi kujenga kwa mate. Nilifuta alama zake. Ndivyo utafiti unavyotakiwa kufanywa: unaona, halafu unauliza. Niliwahoji watu wote wa saiti ile, mmoja baada ya mwingine, ana kwa ana.

Wote isipokuwa mmoja.

Ningemhojije baba? Ningekaa naye uso kwa uso, Felix akipita pale, nimuulize jina lake na umri wake na kwao ni wapi? Kila siku nilisema kesho. Na kila kesho nilizunguka upande mwingine.

Ikafika siku ya kumwaga zege la slabu ya kwanza, ile sakafu ya ghorofa inayobebwa na mbao na nguzo hadi ikauke. Msomaji, kama hujawahi kuona siku hiyo, ni kama harusi na vita pamoja. Mashine ya kuchanganya inanguruma, makarai yanapita mkono kwa mkono, watu wanaimba, hakuna anayeruhusiwa kusimama kwa sababu zege halisubiri mtu. Juu kazi ilikuwa moto! Chini, kwenye giza la nguzo, baba yangu alikuwa ameketi juu ya karai lililofunikwa, kichwa kimeegemea nguzo, macho yamefumbwa. Mara moja moja aliinuka, akagonga kabari fulani kwa nyundo ndogo, akarudi kukaa.

Nilipita baada ya dakika kumi. Ameketi. Nikapita tena. Ameketi. Nilisikia uchungu na hasira vikichanganyika. Wenzake wanavunjika mgongo, yeye amefumba macho! Nilijiambia amezeeka. Nilijiambia nikimpendelea kwa kuwa ni baba yangu, nitakuwa mtafiti wa aina gani? Nikaandika amekaa bure, amekaa bure, amekaa bure, hadi safu ikajaa. Na nilijiona mtu mwadilifu!

Mwishoni nilikuwa na matokeo mazuri. Niliandika kwamba watu saba wangeweza kupunguzwa bila kazi kuathirika. Saba hao walikuwa nambari tu. Felix alisoma, akanisifu, akanibusu kwenye paji la uso. Kisha akaomba majina.

Nilikataa. Nakumbuka vizuri kwamba nilikataa. Akasema anataka kuwatambua wachapakazi awapandishe, na hawezi kumpandisha nambari. Akauliza kama mume na mke watarajiwa wanafichana daftari. Nilimpa. Nilijua jina la nani limo katika wale saba, na nilimpa! Ndani yangu sauti ndogo ilisema: hata akiachishwa, si atapumzika? Si utamtunza wewe? Na Felix hatakutana naye tena saitini...

Niliihifadhi sauti hiyo kama siri. Leo naiweka hapa mbele yenu.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana Felix alisimama juu ya rundo la matofali akawaita saba hao kwa majina. Watu hawakuelewa. Walinitazama mimi, kisha mkoba wangu, kisha wakaelewa. Mama Rose alitema mate chini.

Odipo peke yake ndiye aliyesema, akimwelekezea baba mkono. "Bosi, hawa wengine sijui. Lakini huyu Mzee Oloo mkimtoa, nani atasikiza mbao?"

"Kwani mbao zinaongea?" Felix aliuliza.

"Zinaongea, bosi. Shida ni mtu wa kuzisikiza."

Felix akacheka. Wachache wakacheka naye, kicheko cha watu wanaohofia kazi zao. Nami... nami nilitabasamu. Baba alikusanya msumeno wake na nyundo zake, akaviweka kwenye gunia, akampa kila mtu mkono wa kwaheri. Alipofika kwangu alinipa mkono pia, kama mgeni anavyompa mgeni.

Siku chache baadaye alinipigia simu kutoka Katito. Ilikuwa asubuhi, nikijipaka mafuta mbele ya kioo.

"Nyara," aliniita, yaani binti yangu. "Odipo ameniambia kesho wanamwaga ile slabu ya pili. Nani anakaa chini?"

Nilidhani anarudisha habari ya kazi yake. Nilimwambia kwa ukali kwamba hayo ni mambo ya wakubwa wa mradi.

"Kazi sitaki," alisema. "Mwambie tu bwana yako aweke mtu chini. Mtu yeyote mwenye anajua mbao. Mti unalia kwanza, ndio unavunjika. Mtu akisikia mapema anagonga kabari, ama anapiga kelele watu washuke. Kama hakuna mtu... nyara, wale wako juu hawawezi skia kitu."

Hapo ndipo nilipoelewa. Wakati huo, nikiwa na mafuta mikononi! Yale macho yaliyofumbwa yalikuwa yamefumbwa ili masikio yafanye kazi. Kwa siku nzima, wakati wengine wanaimba juu, baba yangu alikuwa ameubeba uhai wao kwenye sikio lake. Nami nilipita pale kila dakika kumi nikamwandika bure.

"Nitamwambia," nikasema.

Mchana ule nilikula na Felix. Samaki alikuja, moto, akitoa mvuke. Maneno yalifika kwenye ulimi. Lakini angeniuliza, nani amekuambia? Ningemjibu nini? Yule mzee uliyemfukuza? Na umejuaje namba yake, Adhiambo? Naye Felix alikuwa akizungumza kwa furaha juu ya safari ya Katito, kwamba sasa wazee wake wamechoka kusubiri, wamepanga mwezi ujao waje wamwone baba mwanakandarasi...

Nilimeza maneno pamoja na samaki. Nikajiambia slabu ya kwanza ilisimama, hii nayo itasimama. Nikajiambia mafundi wengine bila shaka wanajua.

Kumbe katika saba wale walikuwamo mafundi wa mbao wote watatu, wakiwa wameshazisimamisha mbao za slabu ya pili. Hakuna aliyebaki wa kuijua kazi ile.

Siku iliyofuata nilikuwa saitini na karatasi zangu, kupima kasi ya waliobaki. Zege lilianza kumwagwa asubuhi. Kufikia alasiri mawingu yalikuwa yamejaa juu ya ziwa na watu wakaongeza kasi ili mvua isiwakute. Nilimwona Odipo ananawa mikono kwenye ndoo. Alimwambia Mama Rose kwamba moyo wake hautulii bila mtu chini, ngoja akaketi kidogo mahali pa Mzee.

"Unajua mbao wewe?" Mama Rose alimuuliza.

"Sijui. Lakini masikio niko nayo mbili."

Akashuka. Sikumwambia rudi. Saa yangu ilikuwa mkononi. Nilimwona kupitia nguzo, ameketi juu ya karai, na kalamu yangu, kwa mazoea, ikaandika: amekaa bure.

Nikasikia mlio mmoja mkavu. Nilidhani mtu ameangusha ubao. Kisha wa pili. Odipo alitoka mbio hadi penye mwanga, akawapigia kelele walio juu washuke upande wa ngazi. Walishuka wakirukiana. Angeweza kubaki nje. Lakini kuna mmoja alikuwa bado anafunga nondo pembeni, hasikii kwa sababu ya mashine, naye Odipo akarudi chini akigonga nguzo kwa jiwe ili mtu yule asikie...

Mtu yule alisikia. Aliruka, akavunjika mguu, yuko hai.

Slabu ilishuka upande mmoja, taratibu, kama mzee anayepiga magoti. Vumbi. Kisha Mama Rose akiita jina moja, mara nyingi sana.

Wakaguzi walipokuja, Felix aliweka ripoti yangu mezani. Jina langu lilikuwa juu, sahihi yangu chini. Aliwaeleza kwa ile sauti yake ya upole kwamba kampuni ilifuata ushauri wa mtaalamu. Hakunitazama. Jioni ilileta ujumbe wake wa simu, mistari miwili tu: nimemharibia jina, na tusitafutane tena. Nilikuwa nimemkana baba ili nimpate mtu huyo!

Mazishi yalikuwa Asembo Bay, kwenye boma linalotazama ziwa. Sikustahili kwenda, lakini miguu ilinipeleka. Nilijificha nyuma, leso kichwani. Mama Rose aliniona.

"Ndiye huyu!" alipiga kelele. "Madam wa makaratasi! Umekuja kuhesabu dakika za maiti?"

Watu waligeuka. Vijana wawili walininyanyukia. Ndipo mzee mmoja aliinuka kutoka kwenye viti vya mafundi, kofia mkononi, akaja kusimama mbele yangu, mgongo wake ukinielekea.

"Huyu ni nyara," baba alisema. "Ni mtoto wangu wa kuzaa. Mwenye anataka kumtoa, atoe mimi kwanza."

Minong'ono ilipita kama upepo kwenye matete. Mama Rose aliuliza kwa sauti iliyopasuka, "Mzee, wako? Na miezi yote hiyo hukusema?"

"Mimi ndio nilimwambia asiseme. Nilikuwa naona aibu, na hii nguo yangu ya kazi. Makosa ni yangu."

Wasomaji, mmewahi kusikia mtu akisema uongo ulio mzito kuliko kweli? Baba aliyenyang'anywa kazi na mwanawe alikuwa akijitwika aibu ya mwanawe mbele ya jeneza. Ningeweza kunyamaza. Vijana walikuwa wameshaanza kukaa. Uongo ule ulikuwa mlango, nao uliachwa wazi kwa ajili yangu...

Lakini kumwacha aseme vile kungekuwa kumkana mara ya pili.

Nilitoka nyuma yake. Nikasema baba anadanganya. Nikasema aliyeona aibu ni mimi, aliyetoa majina ni mimi. Nikasema kwamba siku moja kabla, baba alinipigia simu nikamwonye meneja, nikaahidi, na sikusema kitu kwa sababu nilitaka kuolewa. Niliyasema yote, nikimtazama mjane wa Odipo, mwanamke mwembamba aliyeketi chini kwenye mkeka.

Alinisikiliza hadi mwisho. Hakulia. Kisha akasema kwa utulivu, "Umesema. Sasa kaa, zika na wengine. Lakini chakula ya hapa usikule."

Kwetu hakuna anayeachwa na njaa matangani. Hata adui hulishwa. Nilizika, nikamwaga udongo wangu, nikakaa pembeni. Chakula kilipopita, sahani zilinipita. Baba alipewa yake. Aliitazama, akaiweka chini ya kiti bila kuigusa, akanifuata hadi barabarani. Tulitembea njia ndefu, watu wawili wenye njaa.

Niliiondoa tasnifu yangu chuoni. Wakaguzi niliwaandikia habari ya simu ile, neno kwa neno, ingawa hakuna aliyeniuliza. Kesi ya Felix na kampuni yake bado inaendelea na zamu yangu ya kujibu itafika. Nimerudi Katito. Juzi nilimwomba baba msamaha kwa mara nyingine. Aliendelea kulainisha ubao aliokuwa nao, kisha akaniambia kwamba yeye alikwishanisamehe siku ileile, kwenye rundo la kokoto, kabla hata hajavua kofia. "Lakini Odipo," akasema, "yeye utamuuliza wapi?"

Ndiyo maana nawaandikia.

Ninyi mnaosoma, mnaopima kazi za watu wengine, nawasihi: kabla hamjamwandika mtu kuwa hana faida, ketini chini alipoketi yeye, mumuulize anafanya nini. Hasa yule mnayeona vigumu kumuuliza. Na wewe binti, wewe kijana, uliyesomeshwa na mikono yenye sugu, usifuate njia yangu! Aibu yangu niliiona kitu kidogo, cha kwangu peke yangu, kisichomdhuru mtu. Imeacha mjane Asembo Bay.

Ukikutana na baba yako barabarani, vumbi la saruji kwenye nyusi zake, nawe uko na wale unaotaka wakuheshimu, usivuke upande wa pili. Mwite. Mwite kwa sauti, wasikie wote.